Nusu Yako, Nusu Yangu

Mume wangu Wendell alipopata kazi Santa Clara, ndugu zake wote kule kwetu Duluth walidhani tumetajirika. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza mitambo ya kupoza hewa katika jumba lililojaa kompyuta, na mshahara ulikuwa mara mbili ya ule aliokuwa akilipwa bandarini. Mama mkwe alitufungia mikate ya safari, akanishika bega akasema, "Solveig, msije mkatusahau mkishapata bwawa la kuogelea."

Bwawa tulilipata. Lilikuwa la moteli moja ya San Jose, mji wa jirani, maji yake ya kijani, na tulikaa kando yake wiki saba, mimi, Wendell na binti yetu Britta wa miaka minane, katika chumba kimoja chenye vitanda viwili. Britta alifanyia kazi za shule juu ya meza ya kupigia pasi. Mimi nilishinda nikisoma matangazo ya nyumba kwenye simu. Nyumba ambayo kwetu ungepangishwa kwa dola elfu moja na mia mbili, huku ilikuwa elfu nne na ushee, na kabla hujamaliza kuuliza imeshachukuliwa. Wendell akaacha kabisa kuutaja mshahara wake. Alikuwa akirudi kutoka kazini anakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

Jumamosi moja ya Oktoba nikaenda peke yangu kutazama nyumba Sunnyvale. Nilikuta foleni imetoka mlangoni, imepita maboksi ya barua, imekata kona. Watu walikuwa wameshika bahasha. Mbele yangu alisimama mama mfupi mwenye sare ya watunza wazee, nywele amezibana kwa kibanio cha plastiki. Akageuka akanitazama bahasha.

"Dada, hiyo ni barua ya mapenzi au ya kuomba nyumba?"

"Ya nyumba," nikasema. "Nimeandika jinsi tunavyopenda bustani."

"Wee! Foleni nzima hii inapenda bustani. Mimi nimebandika picha ya mama yangu akiwa kanisani."

Nikacheka, kitu ambacho sikuwa nimefanya kwa siku nyingi. Akaniambia anaitwa Remedios Catacutan, lakini niseme Remy tu. Yeye na mama yake walikuwa wakikaa kwenye gereji ya binamu yake Milpitas, na binamu alikuwa anaoa. Walipewa mwezi mmoja tu, watoke. Jina langu lilimshinda. Akajaribu mara tatu kisha akaamua, "Utakuwa Solvi. Basi."

Tulipofika mlangoni, dalali, msichana mwenye kishikwambi mkononi, alitoka akatangaza kwamba kuna bwana ameahidi kulipa mia sita zaidi ya kodi iliyotajwa, kwa hiyo asanteni kwa kuja. Hata ndani hatukuingia.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, nikaona machozi yananijia, nikaona aibu, maana kwetu mtu halii mbele za watu asiowafahamu. Remy hakusema pole. Alifungua buti la gari lake, akatoa bakuli la tambi zilizokaangwa na mboga, akanipa uma.

"Kula kwanza. Mumeo anakoroma?"

"Nini?"

"Nakuuliza, anakoroma?"

"Kidogo. Akilala chali."

"Mtoto wako ni mtundu?"

"Mpole. Anapenda kusoma. Kwa nini?"

"Sikiliza, Solvi. Bibi ninayemtunza ana mpwa wake, mzee Teles, ana nyumba ya vyumba vitatu Santa Clara, amenishikia. Bei yake inaniua. Naona na wewe itakuua. Lakini nusu yako, nusu yangu, tutapona wote. Miezi mitatu natafuta mtu wa kugawana naye. Wanaokuja ni vijana wa kompyuta, wanataka kila mmoja chumba chake na hawajui kuosha sufuria."

Nilimwambia lazima nimuulize mume wangu. Wendell alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mama umemjua tangu lini?"

"Tangu saa nne asubuhi."

"Solveig!"

"Nenda kamwone basi. Ukimkataa, tukae na bwawa letu."

Kesho yake tulikwenda wote kwenye ile gereji. Remy alimkagua juu mpaka chini, akamwita shemeji, akamuuliza kama anaweza kutengeneza mlango wa friza unaogoma kufunga. Wendell alipiga magoti pale pale. Nilijua mambo yamekwisha.

Mzee Teles ndiye aliyesita. "Familia mbili? Bafu ni moja na choo kidogo pembeni."

"Baba," Remy akamjibu, "sisi tumetoka kwenye gereji, na hawa wametoka moteli. Bafu moja kwetu ni anasa."

Mzee akakuna kidevu. Akasema yeye alikulia chumba kimoja na ndugu zake sita, wakati mji huu wote ulikuwa mashamba ya matunda ya plamu, na hakuna aliyekufa. Tukatia saini.

Sisemi maisha yalikuwa laini. Bibi Pacita, mama yake Remy, alikuwa akikaanga samaki wakavu alfajiri, na harufu ile iliingia mpaka kwenye soksi. Wendell alifungua madirisha yote. Bibi akawa anapita nyuma yake anayafunga. Mimi nilipika viazi na nyama ya kusaga vya kwetu, Remy akaonja akaniuliza kwa upole, "Nani mgonjwa?" Siku moja tulikasirikiana kwa ajili ya foleni ya bafu, tukakaa siku mbili tunasalimiana kwa kichwa tu. Nikaanza hata kutazama matangazo ya nyumba tena kwenye simu.

Wiki hiyo hiyo, Jumatano, nilikuwa kazini, nimepata kibarua kwenye maktaba ya mji. Wendell alikuwa zamu, simu zao huwa zinaachwa nje. Britta alirudi kutoka shule akilalamika tumbo. Shuleni walidhani ni chakula. Bibi Pacita alimlaza, akambonyeza upande wa kulia, mtoto akapiga ukelele. Bibi yule hajui kuendesha gari, na Kiingereza chake ni cha kuomba chumvi. Alipiga simu ya dharura, akarudia neno moja, "Mtoto, mtoto," kisha akatoka barabarani na ndala zake akasimama katikati, mikono juu, ili gari la wagonjwa lisipitilize.

Britta aliwapa madaktari namba yangu, wakanipigia nikakubali apasuliwe; nilipofika hospitali alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Kidole tumbo. Daktari alisema tungechelewa kidogo kingepasuka. Bibi Pacita alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amepakata viatu vya mwanangu. Nilipiga magoti nikaweka kichwa mapajani mwake, mbele ya watu wote, na yeye akanipigapiga mgongo akisema kwa lugha yake maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

Nimeyafikiria sana haya baadaye. Kama mshahara wa Wendell ungetosha, tungepanga nyumba yetu wenyewe, nzuri, kimya, na saa tisa ile mchana Britta angeikuta tupu.

Tulikaa pamoja miaka minne. Madirisha yakaachwa nusu wazi. Kisha jina la Remy likaitwa kwenye orodha ya nyumba za bei nafuu za mji, orodha aliyojiandikisha zamani hata akaisahau. Vyumba viwili, bafu lake mwenyewe, dakika kumi kutoka kwetu. Sisi tungebaki kwa mzee Teles, mishahara yetu miwili sasa ingetosha. Alilia, akacheka, akalia tena. Wendell aliomba siku mbili za likizo kumhamisha, na Britta, sasa mrefu kunizidi, alifunga vyombo vya bibi kimoja kimoja kwa magazeti.

Asubuhi ya kuhama nilimkuta Remy chumbani, kabati kubwa limebaki. Nilikuwa nimejiandaa tangu jana yake.

"Dada Remy, nataka kukwambia kitu. Sisi kwetu hatusemi sana mambo haya. Lakini mimi na mume wangu na mtoto wetu, kama si wewe..."

"Solvi."

"Niache nimalize. Ahsante. Kwa kila kitu. Ahsante."

Alinitazama. Kisha akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Haya, nimesikia. Shika upande huo wa kabati, na usilidondoshe."

Tukalinyanyua, yeye huku, mimi kule, tukalitoa mlangoni taratibu.