Ukurasa wa Mwisho wa Bi Kimondo

Roxanne Pavlik aliteremka ngazi za ukumbi wa chini ya kanisa kwa mwendo wa mtoto aliyekatazwa kukimbia. Ana wajukuu, na magoti yake yote mawili yanamsumbua. Mkobani alikuwa amembeba Bi Kimondo, mwanasesere wake wa utotoni, shujaa wa kike wa vitabu vya katuni, mwenye joho jekundu, buti za mpira, na barakoa iliyopakwa rangi usoni, isiyotoka hata ukiikwangua. Humo kulikuwa na soko la vinyago na vitabu vya katuni vya zamani, lakini hakuja kumuuza. Alimleta aone wenzake.

Na wenzake walikuwepo, jamani! Mji mzima wa Toledo ulikuwa umemwaga masanduku yake ya darini juu ya meza. Mashujaa waliovunjika viwiko, mashujaa wasio na vichwa, na marundo ya vitabu vya katuni vyenye harufu ile ile ya karatasi rahisi. Watu wote humo wana mvi na wote wanapiga kelele kama darasa ambalo mwalimu ametoka. Roxanne alifungua kitabu kimoja, akakutana na ukurasa wa matangazo, karibu apige vigelegele.

"Glenn! Njoo uone! Manowari ya watu wawili!"

"Ya karatasi ngumu," alisema kaka yake. "Mvua moja tu, manowari inakuwa uji."

"Na wale wadudu wa baharini wanaouzwa wakiwa unga, ukiwatia maji waogelee! Na miwani yako, Glenn! Miwani ya kuona ndani ya ukuta!"

Glenn alikohoa. Miwani hiyo alikuwa na kesi nayo tangu utotoni. Kuponi ya kuiagizia ilikuwa kwenye karatasi ya mwisho ya kitabu cha Bi Kimondo cha Roxanne, na Glenn aliikata kwa mkasi wa mama yao bila kuuliza mtu. Miwani ilifika theluji ikianguka, ya karatasi, na haikuonyesha ndani ya ukuta wala ndani ya soksi. Lakini nyuma ya kuponi kulikuwa na picha ya mwisho ya hadithi, ile ambayo Bi Kimondo anavua barakoa. Roxanne alilia mpaka akapata kwikwi. Ili anyamaze, Glenn akawa anamtungia mwisho kila usiku, na mwisho aliokuwa akiurudia zaidi ni kwamba Bi Kimondo ni Bi Hruska, yule anayepakua viazi katika kantini ya shule. Roxanne aliupenda sana, kisha akauliza, "Lakini kweli kweli ni nani?" Ameuliza hivyo mpaka uzeeni.

"Leo lazima nijue," alimwambia Glenn. "Nisipojua leo nitakufa na donge."

Nakala nyingine ya kitabu kile ilikuwepo meza ya kona, kwa bwana mmoja mwenye kitambi aitwaye Merle. Nzima, haijaguswa na mkasi, imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye muhuri.

"Nifungulie nisome," Roxanne akasema.

Merle alimtazama kana kwamba amemwomba akikaange. "Dada yangu, hiki hakisomwi! Wataalamu wameshakikagua ubora wakakifunga. Ukivunja kasha, thamani yote kwaheri."

"Wewe mwenyewe unajua ni nani?"

Merle alishusha macho. "Sijui. Changu nilikata kuponi."

"Hata mimi!" akadakia mwanamke wa meza ya pili. "Nilitaka kumchungulia dada yangu anaficha wapi peremende."

"Na mimi!" "Na mimi pia!" Basi ikawa kicheko ukumbi mzima, maana karibu wote walikuwa wameharibu hadithi ile ile kwa ajili ya miwani ile ile.

"Tungekuwa nayo leo," alisema Glenn, "tungechungulia humo kwenye kasha."

"Nyamaza, mwizi wewe!"

Hapo Merle akaona kichwa cha mwanasesere kikichungulia mkobani. Sauti ikamshuka. "Hilo joho ni lenyewe? La asili? Nipe huyo, uchukue kitabu. Ufanye utakavyo."

Moyo wa Roxanne ulimpasuka vipande viwili. Mwanasesere huyu alilala chini ya mto wake utoto wote.

"Usimtoe, Rox," Glenn alimsihi. "Nitakutungia mwisho mwingine."

"Nimechoka kutungiwa, Glenn!"

Akambusu Bi Kimondo kwenye paji la uso, akamkabidhi. Merle akaleta bisibisi, akampa, akageuka asione. Kasha likalia *kra!* Watu wakasongamana, wengine juu ya viti. Roxanne akafunua kurasa, mpaka ule wa mwisho.

Bi Kimondo alikuwa ameshika barakoa mkononi. Amesimama dirishani. Amewapa mgongo. Chini yake kumeandikwa: "Na sasa mnaijua siri yangu!"

Kisha Roxanne akacheka, akacheka hadi akashikilia meza, na ukumbi ukamfuata.

"Mimi nilijiambia ni mwalimu wangu wa piano!" alipaza sauti yule mwanamke wa peremende.

"Mimi nilidhani ni mama," alisema Merle polepole, mwanasesere kifuani.

Roxanne alifuta machozi, akaisogeza picha karibu na macho. "Glenn. Tazama hizi nywele. Huo si wavu wa kichwani, kama wanaovaa wapakuaji wa kantini?"

Glenn aliinama, mwekundu kwa haya hadi masikioni. "Unafanana nao."

"Basi ni Bi Hruska! Kumbe ulinipa ukweli siku zote nami sikushiba!" Akamvutia kiti. "Keti. Waambie hawa, tangu mwanzo, na viazi usivisahau."

Watu wakasogeza viti. Glenn akajikohoza. Merle alimketisha Bi Kimondo ukingoni mwa meza, uso kwa Glenn, ili naye asikie.