Ndiyo ya Majini

Hakimu Swalehe alipenda suluhu kuliko hukumu. Hukumu, alikuwa akisema, humwacha mmoja akinuna na mwingine akitamba. Suluhu huwarudisha wote nyumbani wakiwa na chao. Kwa hiyo katika mahakama yake ya mwanzo, kijengo cha bati kando ya Ziwa Nyasa, neno "nimekubali" lilimfurahisha kuliko chai ya asubuhi. Alikuwa mtu mwema, mdadisi kupita kiasi, mzaliwa wa Kondoa ambako maji huonekana zaidi kwenye ndoo. Alihamishiwa huku mwaka uliofuata Azimio la Arusha, na tangu afike hakuwahi kuingia ziwani kupita vifundo vya miguu.

Siku hiyo walisimama mbele yake wanaume wawili. Benno, mkulima wa kahawa kutoka milimani upande wa Mbinga, ndiye aliyeshtaki. Mshtakiwa alikuwa Crispin, mvuvi wa hapo hapo ufukoni. Walikuwa wamekubaliana kubadilishana mali: Crispin achukue shamba la kahawa la Benno, na Benno achukue mtumbwi wa Crispin pamoja na nyavu zake. Sasa Benno aliomba makubaliano hayo yafutwe.

"Wewe unakaa mlimani," Hakimu alisema. "Mtumbwi utaufanyia nini?"

"Hata mke wangu ananiuliza hivyo hivyo, Bwana Hakimu."

Watu waliangua kicheko. Benno hakucheka. Miche ya shamba lile aliipanda yeye mwenyewe na mkewe Walburga, walipokuwa hawana hata mtoto mmoja, na sasa ndiyo iliyowavisha na kuwasomesha watoto wao. Walburga alikuwa ameketi benchi la nyuma, mikono kifuani, akimtazama mumewe kisogoni. Shamba jingine hawakuwa nalo.

"Crispin alikutisha?"

"Hapana, Bwana Hakimu."

"Alikudanganya?"

"Hapana. Mtumbwi ni mzima, nyavu nzima."

"Ulidhani mnazungumzia shamba jingine?"

"Shamba ninalo hilo hilo moja."

"Ulikuwa umelewa?"

"Nilikuwa nakwenda kwa dada yangu. Kulewa ni wakati wa kurudi."

"Basi ulikubali."

"Nilikubali, Bwana Hakimu. Ila sikutaka."

Hakimu Swalehe alikuna kidevu. Kwenye mafunzo waliambiwa kwamba mkataba ni wa hiari ikiwa haukupatikana kwa vitisho, wala kwa udanganyifu, wala kwa kosa la kutoelewana, wala kwa mtu kutumia nguvu aliyo nayo juu ya mwenzake. Waliambiwa pia kwamba mtu haokolewi kwa sababu tu amefanya biashara ya kijinga. Lakini mtu anayekubali asichokitaka bila kutishwa wala kudanganywa, huyo hakufundishwa amweke wapi. Hamu ya kujua ikamshika.

"Mlikubaliana wapi?"

"Majini," alisema Benno. "Alikuwa ananipeleka Lipingo, kwa dada yangu. Tulipofika mbali na nchi kavu, akaacha kupiga kafi."

"Nilipumzika!" Crispin aliruka. "Pale kila mtu hupumzika, Bwana Hakimu, mikono si chuma. Nikamwambia tu, mimi nazeeka, ziwa halina pensheni, tubadilishane. Akasema ndiyo kabla hata sijamaliza! Na tulipofika Lipingo akasema tena ndiyo, mbele ya balozi wa nyumba kumi."

Hakimu alimgeukia Benno. "Hapo ulikuwa nchi kavu."

"Nchi kavu, ndiyo. Lakini nilikuwa nirudi kwa mtumbwi ule ule."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu alifunga faili akasema anataka kupaona mahali penyewe. Mzee Methodi, mmoja wa washauri wake wawili, alimnong'oneza kwamba kesi hii haihitaji kuoga. Alipoona hasikilizwi, akaomba angalau watafute mtu mwingine wa kupiga kafi. Hakimu alikataa: alitaka mtumbwi ule na mtu yule yule, vinginevyo angejifunza nini? Benno alipoulizwa kama atafuatana nao, alirudi nyuma hatua kadhaa akasema yeye pale anapajua.

Mwanzoni Hakimu alijiona shujaa. Mtumbwi uliteleza vizuri, Crispin akimweleza habari za usipa, dagaa wa ziwa lile, na majina ya vilima vya ufukoni. Kisha watu waliobaki mchangani wakawa wadogo, maji yakageuka meusi, na mawimbi yaliyoonekana mepesi kutoka barazani yakaanza kuunyanyua mtumbwi na kuuacha. Hakimu alishika kingo kwa mikono miwili. Hapo Crispin akaacha kupiga kafi, akalilaza magotini, akapumua.

"Ni hapa," alisema kwa upole.

Mtumbwi ulianza kugeuka wenyewe taratibu, ukawapa mawimbi ubavu. Crispin alikuwa akifuta jasho. Uso wake haukuwa na ubaya wowote. Hakimu aliuchunguza kwa makini sana na hakuuona ubaya huo.

"Bwana Hakimu, mimi ni mtu maskini. Katika kesi hii, si sitaumia?"

"Hutaumia," alijibu Hakimu. Alijibu upesi mno, kwa sauti nyembamba ambayo hakuitambua.

Crispin akashukuru, akashika kafi, wakarudi.

Waliporudi mahakamani Hakimu aliketi kitini, akapata tena utu uzima wake, na suluhu ikamjia kichwani ikiwa imekamilika, kana kwamba aliifikiria mwenyewe. Shamba libaki kwa Benno. Lakini kwa kuwa neno lilimtoka, mavuno ya msimu huu yote achukue Crispin. Kila mtu na chake!

"Benno, unakubali kwamba..."

"Ndiyo, Bwana Hakimu."

Karani akainamisha kalamu. Benchi la nyuma Walburga alifumba macho. Hakimu alibaki kinywa wazi, maana sentensi ilikuwa bado haijaisha na ile "ndiyo" ilikwishatolewa, upesi, kwa sauti nyembamba. Sauti ile ile ilimtoka yeye kule majini; sasa aliijua ni ya nani. Alitazama chini kutoka kitini pake kwenye jukwaa. Alimwona Benno aliyesimama peke yake, na askari mlangoni, na watu wote waliokaa kimya wakimngojea mtu yule aseme lile neno zuri. Aliona aibu, akaona na woga.

"Usiandike," alimwambia karani. Akashuka jukwaani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama sakafuni mbele ya Benno. "Ukisema hapana utatoka kwa mlango ule, utapanda zako mlimani, na hakuna atakayekugusa. Mavuno ya msimu huu unataka kumpa Crispin?"

Benno alitazama mlango, kisha akamtazama Hakimu.

"Nikisema hapana, hutakasirika?"

Hakimu alitaka kujibu hapana, akajizuia, kwani haingekuwa kweli.

"Nitakasirika kidogo. Lakini hasira hiyo ni yangu, haikuhusu."

"Basi hapana," alisema Benno, kwanza polepole, halafu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Hapana! Hata debe moja!"

Hakimu aliwatazama washauri wake wawili, nao wakaitikia kwa kichwa. Akatamka kwamba makubaliano yamefutwa yote: kahawa ni ya Benno, mtumbwi ni wa Crispin.

Crispin alisimama, midomo ikimcheza. "Bwana Hakimu! Uliniahidi majini kwamba sitaumia. Nilikushika koo? Nilikutukana?"

"Hukunifanya kitu," alisema Hakimu mbele ya watu wote. "Niliogopa, Crispin. Ungeniomba hata kiti hiki ningekupa."

Mvuvi alikuwa amezaliwa juu ya maji yale na kulala juu yake, na ilionekana wazi kwamba jambo hili halikuwahi kumpitia akilini. Alimgeukia Benno taratibu, bila hasira tena, akimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Na wewe uliogopa? Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje," alisema Benno, "na kafi unalo wewe?"