Kofia Tatu za Sinzia

Sinzia tena! Jamani, Sinzia tena?

Bwana Chaki, msimamizi wa chumba cha kukatia katika kiwanda cha sare, alisimama mbele ya meneja damu ikimchemka. Jina hilo alilipata kwa kipande cha chaki kisichobanduka sikioni mwake. Mashine mpya ya kukatia ilikuwa njiani, na mtu mmoja tu ndiye angepelekwa kujifunza kuiendesha. Ikishafika, mkasi wa mkono hautakuwa na kazi, na mkataji asiyeijua atafungashiwa virago. Na aliyechaguliwa ni nani? Sinzia, mfagiaji, mtu anayeweza kulala wima ameegemea ufagio! Kila yakitokea mafunzo hutumwa yeye, na kila akirudi haleti kitu ila kofia ya bure kichwani. Anazo tatu.

"Mama, nilikuomba umpeleke Mkasi," alisema. "Yule binti alikuja hapa hajui hata kushika chaki. Nimemfundisha mwenyewe, leo hana mpinzani. Ana watoto wawili. Mashine ikija naye haijui, atakwenda wapi?"

Meneja hakuinua hata macho. "Mzee wangu, Mkasi akiondoka nani atakata? Sinzia akiondoka, hakuna hata anayegundua."

"Kwa hiyo anayejituma ndiye anayenyimwa?"

"Si wewe mwenyewe uliyesema kikaoni kwamba bila Mkasi chumba kinasimama?"

Loo! Ni kweli Bwana Chaki alisema, tena kwa kujigamba, akidhani anambeba binti wa watu. Kumbe alikuwa anamfunga kamba miguuni! Ndio uongozi gani huo? Punda afe mzigo ufike, na mzigo ukishafika punda atimuliwe? Alitoka bila kuaga.

Chumbani alimkuta Mkasi ameinama juu ya meza ndefu, anakata mikono ya mashati. Akamnyang'anya mkasi.

"Kuanzia leo hukati."

"Mzee, nimekosa nini?" Machozi yalimlengalenga.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Kaa pale dirishani, kunja mikono yako. Nataka meneja akipita akuone huna kazi." Akageuka. "We Sinzia! Weka ufagio, njoo hapa!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Sinzia alikuja akijikokota, kofia imemfunika macho.

Siku zilizofuata zilikuwa moto. Sinzia alikata mikono ya kushoto mitupu, akaomba radhi, kisha akapinda mstari ulionyooka kabisa. Bwana Chaki alifoka mpaka sauti ikamkauka, lakini hakumwachia. Alimshika kiganja kama alivyomshika Mkasi zamani, akamwonyesha nyuzi za kitambaa zinakoelekea, akamkanya asiutazame mkasi bali mstari ulio mbele yake. Mkasi naye, aliyechoka kukaa kama mgeni, alikuwa akimnong'oneza kutoka dirishani, "Legeza bega, kaka. Legeza."

Meneja akapita. "Huyu mbona amekaa?"

"Hana kazi, mama. Kazi anayo Sinzia. Ukimtoa Sinzia sasa hivi, chumba kinasimama."

Meneja aliitazama meza. Mikono ya mashati ilikuwa imepangwa, ya kushoto na ya kulia. Haikuwa mizuri ya kutia fora, ila ingeshoneka. Akamkata jicho Bwana Chaki, maana alijua amenaswa kwa maneno yake mwenyewe.

"Haya, aende Mkasi," alisema, akaubamiza mlango.

Mkasi aliruka, akamkumbatia kila aliyekuwa karibu. Watu walishangilia na kugonga meza. Sinzia peke yake hakushangilia. Alikuwa amevua kofia, anaipapasa ukingo.

"Mzee," alisema, "kule kote nilikotumwa walikuwa wanafundisha watu wanaojua kukata. Mimi nilikaa nyuma, sielewi hata neno moja, mpaka usingizi ukanichukua. Miaka yote hii nimefagia hapa, miguuni pako. Na kumbe ninafundishika. Mbona mimi hukunifundisha?"

Bwana Chaki alifungua mdomo amjibu kwa utani, kama wote walivyozoea. Lakini aliona haya, haya ya kweli. Akachomoa chaki sikioni, akampa.