Nyuzi za Pembeni mwa Shuka

Ncha ya mkasi iliingia chini ya uzi wa bluu, ikaunyanyua, ikaukata. Pasi akauvuta taratibu, akautia mfukoni mwa aproni, kisha akavuta shuka nyingine.

"Unaziweka za nini?" aliuliza mdogo wake, meneja wa kiwanda chao cha kufulia, toka upande wa pili wa meza ya kukunjia. Naye alikuwa na mkasi. "Unafungua duka la cherehani?"

"Fumua zako, baba. Zangu niachie."

Wafanyakazi walikuwa wameshaondoka. Ndio waliompachika jina hilo la Pasi, kwa kuwa hupoa polepole akishawaka.

Miezi minne nyuma, kompyuta zote za kiwanda zilizima, zikakaa hivyo wiki nzima. Vibandiko vya kwenye shuka vikawa mapambo tu. Hakuna mashine ya kuvisoma, hakuna wa kusema ipi ya hospitali na ipi ya hoteli. Bima yao hulipa hasara yote ya namna hiyo kwa sharti moja: kazi iwe imesimama kabisa; la sivyo, hulipa nusu. Meneja akaandika kwamba ilisimama. Bima ikajibu kwamba imesikia vingine, na asubuhi ya kesho mkadiriaji wa hasara angekuja kujionea.

Kweli haikusimama. Mama yao, aliyekianzisha kiwanda hicho kwa beseni na kamba ya kuanikia, alikuja siku ya pili kwa mwendo wa mgonjwa, akakaa kwenye kiti chake cha zamani karibu na mlango, akaomba sindano. Kila mzigo ulioingia ulitiwa uzi pembeni kabla haujachanganyika na mwingine: bluu hospitali, njano hoteli. Wakunjaji walishona naye, ila mishono yake ilijulikana. Ilikwenda upande, kama mtu anayetembea huku akigeuka nyuma.

Mwezi uliofuata wakamzika. Shuka ziliendelea kwenda na kurudi, na mkono wake pembeni, ushahidi kwamba kazi haikusimama.

Pasi alipofikia mshono uliokwenda upande, mkasi ukawa mzito.

"Dada, watu wanangoja mishahara," alisema mdogo wake kwa upole. "Sifanyi haya kwa kupenda."

"Najua."

Pasi alipanda ngazi ndogo kushusha shuka za rafu ya juu. Nyuma kabisa mkono wake uligusa bunda lililosahaulika. Akalishusha, akafunua pembe. Nyuzi mbili: nyekundu na kijani.

"Njoo uone."

Mdogo wake akaja. Nyekundu ya Pasi, kijani yake: ndivyo mama alivyotia alama sare zao za shule ili wasigombane asubuhi.

"Hizi si shuka za hoteli zilizopotea?" alisema. "Nimeziandika kwenye madai. Tumezitafuta mpaka chini ya mashine!"

"Hazikupotea. Mama alizitia rangi zetu."

"Alichoka."

"Alichoka. Vidole vikajiendea vilikozoea."

Mdogo wake akacheka kidogo. Akausogeza mkasi kwenye uzi wa kijani. Haukufika.

"Kata wewe."

"Sikati," alisema Pasi. "Siku zile ndizo za mwisho alizofanya kazi. Nikimwambia yule mtu wa bima kazi ilisimama, mama alikuwa wapi? Jana nimetamani hata anigombeze kwa kukunja vibaya. Nikaja kukunja vibaya makusudi."

"Tukisema kweli watatupa nusu."

"Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Umeshaanza kusema kama yeye."

Mdogo wake akapitisha kidole juu ya mishono. Mwishowe akaikunja shuka ile kama walivyofundishwa, pembe juu, akaipeleka mlangoni, akailaza kwenye kiti cha mama.

"Tumechoka. Zilizobaki kesho."

"Tuzifumue kabla mgeni hajafika?"

Mdogo wake akaenda kuzima mashine ya mvuke.

"Na mgeni atakaa wapi?" Pasi akauliza. "Kiti cha wageni ni hicho hicho."

"Atakaa hapo," alisema mdogo wake. "Lakini aihamishe mwenyewe. Na aulize nyuzi hizo ni za nani. Tutamwambia."

Pasi aliuacha mkasi mezani, uzi mmoja wa bluu ukiwa nusu ndani ya shuka, nusu nje.