Shubiri Moja ya Mto

Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2019, kulikucha bila wingu. Upepo mwepesi ulivuma kutoka baharini, na kufikia saa moja asubuhi jua lilikuwa limeshaanza kuyachoma mabati ya Karangsemi, mji wa batiki ulioko pwani ya kaskazini ya Java. Mto ulikuwa mwekundu. Jumamosi ulikuwa wa kijani, na Ijumaa wa buluu, kulingana na vitambaa vilivyokuwa vimeagizwa.

Turyati alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi ya kiwanda, ameshika barua ya kuomba ruhusa ya siku tatu. Kazi yake ilikuwa kukoroga vitambaa katika maji yanayochemka mpaka nta ya kuchorea nakshi itoke, kisha kuvisuuza kwenye mfereji uliokwenda moja kwa moja mtoni. Alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Mama yake, Mbok Kasmirah, aliifanya kabla yake kwa miaka thelathini na mmoja, na sasa alikuwa amelala nyumbani, anaaga dunia taratibu.

Katika kiwanda hicho ruhusa haikuwa ngumu kupata. Ila ukiipata, siku hizo hukulipwa, na kabla hujafika nyumbani kibarua mwingine alikuwa ameshaitwa langoni na kukabidhiwa fimbo yako ya kukorogea. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa Bu Nuning, yaani Bibi Nuning, karani aliyehamia wiki ile ile kutoka mji mwingine. Aliisoma barua, akafungua kitabu cha sheria alichokuja nacho mwenyewe, akaandika kwa kalamu nzito: *Likizo yenye malipo. Nafasi isijazwe.* Akagonga mhuri, akamrudishia.

"Bu, hapo umekosea," Turyati alimwambia.

"Nimekosea wapi? Mama si mgonjwa?"

"Mgonjwa."

"Basi nenda kwa mama, dada. Usinizibie dirisha."

Turyati akaenda. Alipofika darajani aliona kwamba maji ya ukingoni, upande wa nyumba yao, yalikuwa safi. Ulikuwa mkanda wenye upana wa shubiri moja, ulioanzia chini ya mfereji wa kiwanda, ukapita chini ya daraja na kwenda zake baharini. Ubavuni mwake maji mekundu yalitiririka kama kawaida, na hayakuchanganyika nao. Ndani ya mkanda samaki wadogo waliogelea mmoja nyuma ya mwingine, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kwenda wawili wawili. Turyati aliwatazama kidogo, kisha akaenda kununua tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, ya mchana.

Nyumbani alimkuta jirani yao, Bu Muslikhah, mwosha maiti wa mtaa, anampepea mgonjwa.

"Mkanda ule mtoni ni wako?" Bu Muslikhah aliuliza.

"Nadhani ni wangu. Nimepewa likizo."

"Yenye malipo?"

"Karani ni mgeni."

"Aa. Basi utuachie tuoshe mchele, bibi mwenye mto."

Mbok Kasmirah alifumbua macho. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa hivyo tangu kabla Turyati hajazaliwa. Miaka mingi alikuwa akihangaishwa na jambo moja. Maji yaliyobadilika rangi hayafai kumwoshea maiti, na katika mtaa wao visima navyo vilikuwa na rangi. Wafu wa Karangsemi walioshwa kwa maji yaliyoletwa na gari la tangi, na gari lile lilikuwa la mwenye kiwanda.

"Turyati," alisema. "Wamenipaka rangi miaka thelathini na mmoja. Sitaki waje waniogeshe pia."

"Maji yapo, Mama. Yapo mpaka Jumatano, kengele ya saa kumi jioni."

"Jumatano," alirudia mama, kama mtu anayepangiwa zamu.

Jumanne asubuhi alikuja Bu Endah, mwalimu mstaafu wa baiolojia na kiongozi wa kikundi cha watetezi wa mazingira mjini. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wakichota maji ya mto katika chupa na kuyapeleka maabara. Wafanyakazi waliwaita watu wa chupa, na hawakuwapenda. Mwaka fulani walisimama langoni na mabango wakitaka kiwanda kifungwe, wakarushiwa mabonge ya nta.

"Ficheni vikombe, watu wa chupa hao!" Bu Muslikhah alipiga kelele kutoka ukingoni, alikokuwa akiosha mchele wa nyumba nne. "Leo unapeleka maabara mchuzi?"

"Leo nimekuja na kamba," alisema Bu Endah.

Aliupima mkanda, ukawa shubiri moja. Aliupima mto mzima juu ya daraja, ukawa shubiri tisini na mbili.

"Kiwandani mko wangapi?"

"Tisini na wawili," Turyati alijibu, "ukimhesabu na mlinzi."

Bu Endah aliandika. "Na yule Kusnadi aliyelazwa kwa mapafu mwezi wa Julai? Siku zake mto ulisafika?"

"Hakulipwa. Mahali pake waliweka mtu asubuhi ile ile. Mto ulikuwa wa zambarau."

"Na siku za Idi?"

"Idi tunalipwa zote tano. Mto mzima unakuwa safi, watoto wanaoga. Tulidhani ni baraka ya mwezi."

Bu Endah alivua kandambili, akazikalia. Aliposema, sauti yake ilikuwa kali, ingawa haikuwa kwa Turyati.

"Miaka kumi na moja nimedai chujio. Nimedai wafunge. Sikuwahi kuja kuwauliza mnapumzika lini."

"Ungeuliza tungekujibu," alisema Bu Muslikhah. "Hatupumziki."

Mchana kikundi kilikutana kwenye baraza ya Bu Endah, watu kumi na wawili. Mmoja alisema likizo ni mambo ya vyama vya wafanyakazi, wao wanashughulika na mito. Mwingine alisema wakianza kudai mishahara ya likizo watapoteza mwelekeo, kesho watadai hata sare. Bu Endah aliwasikiliza wote. Kisha akawaambia kwamba anayeuchafua mto ndiye yule yule asiyemwacha Turyati akae na mama yake, kwa hiyo haoni kwa nini waandike barua mbili. Wakaandika moja: kila mfanyakazi apewe likizo yenye malipo, kwa zamu, na nafasi yake isijazwe. Walipoipeleka kwenye ofisi inayohusika na mito, waliambiwa likizo si kazi yao. Kwenye ofisi inayohusika na kazi, waliambiwa mto si kazi yao. Ofisi zote mbili zilikuwa na picha ya mkanda kwenye simu, na zilisema umependeza.

Jumanne jioni Mbok Kasmirah aliuliza tena, "Likizo yako inaisha kesho?"

"Kesho, Mama. Lakini wewe usijali, pumzika tu."

"Nisije nikakuchelewesha."

Alisali alasiri yake kwa macho, kisha akaomba kwa sauti ndogo, akimtaja kila mtu wa mstari wake wa zamani wa kazi, walio hai na waliotangulia. Hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja. Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, akafariki, kukiwa kumebaki saa saba kasorobo kabla ya kengele.

Turyati alikuwa hajalia bado. Alichukua ndoo na kata ya kifuu, akateremka ukingoni. Kata ilienea sawasawa ndani ya mkanda. Ukiinamisha mkono kidogo tu, ulichota rangi. Alichota polepole, akisoma Fatiha, na samaki walimpisha. Wanawake wa mtaa walijipanga kutoka mtoni mpaka mlangoni wakipokezana ndoo.

Wakati huo Pak Hendarto, meneja wa kiwanda, naye alikuwa ameiona ile picha. Kwanza alifurahi, akaagiza kibao cha kusema kampuni inautunza mto. Baadaye akafikiri kwamba mtu akiona maji safi ataona na yale mengine, akauliza nani yuko likizo. Saa sita mchana alimtuma Bu Nuning akaichukue ile barua ili ifutwe. Kibarua alikuwa ameshasimama kwenye pipa la Turyati, lakini bila barua kufutwa hakuruhusiwa kugusa fimbo. Huo ulikuwa utaratibu, na kiwanda kilifuata utaratibu.

Bu Nuning alifika amelowa jasho.

"Nimetumwa kuchukua barua, dada. Poleni sana."

"Ipo," alisema Turyati kutoka nyuma ya pazia la kitambaa. "Tumemwosha mara mbili. Bado ya tatu, na ya kafuri."

Bu Nuning alitazama saa yake. Akakaa kwenye mkeka, akapewa chai, akainywa mpaka majani.

"Chai yenu nzuri," alisema. "Naomba kikombe kingine. Kiwe cha moto sana, nisiweze kukinywa haraka."

Nyuma ya pazia Bu Muslikhah alisugua mikono ya marehemu kwa majani ya mkunazi. Walimwosha mara ya tatu, ya tano, ya saba. Maji yaliyotiririka chini yalikuwa safi yale yale, na mikono ikabaki ya buluu mpaka viwikoni.

"Basi," alisema Bu Muslikhah. "Mwili umetoharika, hii si najisi. Ila huyu anaingia kaburini na sare yao." Aliyasema hayo kwa hasira, huku akiifunika mikono ile kwa sanda kwa upole.

Turyati alitoka, akampa Bu Nuning barua. Bu Nuning akaikunja, akaiweka kifuani, akatembea polepole kadiri alivyoweza. Saa nane na nusu barua ilifutwa, kibarua akashika fimbo, na wekundu ukaanza kwenye mfereji, ukashuka na mkanda. Samaki walikimbilia baharini. Waliokuwa nyuma hawakufika. Kabla ya alasiri Bu Nuning alifukuzwa kazi, na barua yake ya kufukuzwa haikuwa na kosa hata moja.

Baada ya sala ya alasiri jeneza lilitolewa uani. Pak Hendarto alikuwepo, na maua ya kampuni, makubwa kuliko mlango. Alisema machache: kwamba marehemu alikuwa mfano mwema, na kwamba kampuni italitazama suala la likizo. Alikuwa ameyasema hayo hayo kwenye jeneza la Kusnadi mwezi uliopita, na watu waliitikia amina kwa sababu ndivyo adabu ilivyo.

Pak Mudzakir, imamu wa mtaa, aliuliza kama ilivyo desturi, "Ndugu zangu, marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mwema," wakajibu wote.

"Familia ina neno? Kumbukeni, linalosemwa mbele ya jeneza, kila aliyehudhuria hulijibu, na ni shahidi."

Turyati alisogea mbele. Bu Endah alikuwa ukutani, chupa zake hakuja nazo. Nyuma ya ukuta mto ulipita mwekundu kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mimi Turyati," alisema, "mbele ya mama yangu na mbele yenu, naahidi hivi. Kesho narudi kwenye pipa, kwa sababu nyumbani kuna mchele wa siku mbili tu. Lakini kila asubuhi kabla sijashika fimbo, nitasimama langoni nidai kwa sauti likizo yenye malipo. Siku ya kwanza kwa jina langu, ya pili kwa jina la mwenzangu, mpaka majina yote tisini na mawili yaishe. Yakiisha naanza upya. Nitafanya hivyo mpaka mto huu uwe safi wote, siku ambayo si ya Idi. Mmenisikia?"

"Tumekusikia," wakajibu wote, na Pak Hendarto akajibu pamoja nao.