Wageni Wawili Tu

Siku Kapitan, mkuu wa kijiji chetu, alipoleta wachezaji wawili wa kikapu kutoka jiji la Cebu, kila mtu alishangilia isipokuwa mimi. Mimi nilikimbilia chooni. Tumbo langu halijui kuficha siri.

Axel na Kirby walikuwa warefu hata wakiwa wameketi. Kwenye mazoezi ya kwanza, kila aliyeushika mpira kati yao aliurusha kikapuni palepale. Junrey, kaka wa mke wangu na mfungaji wetu wa siku zote, alibaki kukimbia huku na huku mikono mitupu kama mtu anayefukuza kuku.

"Shemeji," aliniambia akihema, "hawa wananiona kweli, au mimi ni nguzo?"

"Vumilia. Nitakupa mpira."

"Unipe upesi, kabla hawajanituma maji."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa miaka kumi na mmoja: kugawa mpira. Sifungi sana, siruki, na nina miaka thelathini na sita. Lakini nilikuja kuoa hapa nikiwa mgeni, na ni uwanjani, wala si kanisani, walikoanza kuniita mtu wao.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Katika mashindano ya sikukuu ya mtakatifu wetu, timu huandika majina kumi na mawili, na kila jina liwe la mpiga kura wa kijiji hicho. Wageni wanaoruhusiwa nje ya sharti hilo ni wawili tu. Mimi sikuwahi kuhamisha jina langu. Bado napiga kura ng'ambo ya mto, kwa mama, kwa sababu mjomba wangu hugombea udiwani kila uchaguzi na hushinda kwa kura za kuhesabu kwa vidole. Ningehama, mama angeninunia hadi kaburini. Miaka yote hatukuwa na wachezaji wa kuletwa, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza vyeti vya mpiga kura. Safari hii wapinzani wetu wa Malubog wangeviuliza tu, na mgeni wa tatu akigundulika, timu nzima inafutwa mbele ya umati.

Siku nne nilitembea na hofu hiyo. Kazini kwangu, kwenye karakana ya kuchomelea, nilichomelea geti la mteja kinyume, likafungukia ukutani. Merlyn, mke wangu, akaniuliza kama nina mwanamke mwingine. Heri ningekuwa naye, ningejua la kujibu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta kocha Baltazar, baba mkwe wangu, akiandika orodha huku akichovya mkate kwenye kahawa.

"Baba, mimi si mpiga kura wa hapa."

"Najua," alisema bila kuinua kichwa.

"Unajua?"

"Kila uchaguzi unarudi kutoka ng'ambo na wino kidoleni na nyama ya nguruwe mfukoni. Unadhani mimi kipofu?" Akavua miwani. "Ndiyo maana miaka yote nilimkatalia Kapitan wageni wake. Mwaka huu nimeshindwa. Nilikuwa naomba uje mwenyewe, mwanangu. Sikutaka kukukata kwa mkono wangu."

Akanisogezea kalamu. Nikalikata jina langu mwenyewe.

Jumapili alasiri nilikaa jukwaani na Merlyn kuangalia fainali. Nusu ya kwanza ilikuwa aibu. Wote watano walitaka kufunga, hakuna aliyetaka kugawa. Axel na Junrey waling'ang'ania mpira mmoja mpaka ukatoka nje, wakaanza kutukanana. Malubog wakawa mbele kwa pointi kumi na nne.

"Mrudisheni Nilo!" watu walipiga kelele wakinitaka mimi, kana kwamba orodha ikishapelekwa inaweza kubadilishwa.

Sitadanganya, niliona raha. Kwa mara ya kwanza wiki ile tumbo langu lilitulia.

Sijui baba mkwe aliwaambia nini wakati wa mapumziko. Waliporudi, Kirby aliupandisha mpira taratibu, akasimama, akasubiri, akampa Junrey bila hata kumtazama. Junrey akafunga. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu Axel naye akagawa, na pengo likaanza kupungua. Hapo hofu ikanirudia, mbaya kuliko ya wiki nzima, kwa maana sasa niliijua sura yake. Niliogopa kwamba watashinda.

Zilipobaki sekunde chache, pointi zilikuwa sawa. Kirby akampenyezea Junrey mpira pale pembeni. Watu wote walisimama. Mimi niliomba, Mungu anisamehe, niliomba akose.

Hakukosa.

Jukwaa lililipuka. Junrey alimrukia Kirby shingoni akimwita, "Ndugu yangu, ndugu yangu!" Merlyn aliruka, akapiga kelele hadi sauti ikamkauka, kisha akageuka anikumbatie. Akanikuta nimekaa, mikono nimeikalia.

Tabasamu likamfifia polepole.

"Nilo," akauliza, "wewe ulikuwa upande gani?"