Ngao Nyekundu

Mama mkwe aliuchukua ufunguo wa chumba cha kompyuta shingoni mwangu mbele ya wateja. Hakuniomba nimpe. Aliivuta ile kamba juu ya kichwa changu kama anayemvua mtoto sweta, akaivaa yeye, kisha akamgeukia kiongozi wa kwaya aliyekuwa amekaa kwenye benchi.

"Samahani sana, dada yangu. Michoro yote imepotea. Huyu mke wa mwanangu ametujazia virusi kwenye kompyuta kwa ajili ya muvi zake."

Kiongozi wa kwaya ana sauti ya kuamsha mtaa, lakini siku hiyo alisema "Eeh!" ndogo tu, na hiyo iliniuma kuliko kelele. Waliokuwa wakisubiri kupimwa nguo waliacha simu zao wakaniangalia mimi. Mvuliwa nguo huchutama. Nikachutama kweli, nikajifanya naokota nyuzi sakafuni.

Kibaya zaidi, hata mimi niliamini kosa ni langu. Ni kweli nilichomeka flashi ya msusi jirani yetu, nikanakili muvi ya mapenzi, nikaitazama huku mashine ikidarizi. Antivirusi niliyoichagua mwenyewe, ile ya ngao ya kijani, ilipiga kelele ikasema imekamata kitu na kukifungia. Nikaiamini. Sasa folda zote za mama zilikuwa tupu, na skrini ilikuwa na dirisha jekundu lenye picha ya ngao, linalosema kompyuta inaumwa sana.

Michoro ile ndiyo maisha ya mama mkwe. Alijifunza kuichora akiwa mjane mwenye watoto wadogo, ua kwa ua, nembo kwa nembo, na ndiyo iliyomsomesha mume wangu. Bila hiyo, mashine yetu ya kudarizi ni meza tu ya kuwekea vikombe. Na kwaya ilikuwa inayataka majoho yake Jumapili.

"Nilikwambia tununue antivirusi ya maana, ukaleta ya bure," mama alisema, akikata uzi kwa meno. "Rahisi ghali."

Usiku huo mume wangu aliniuliza kulikoni, nikasema kichwa kinauma. Ningemwambia nini? Kwamba jasho la mama yake nimelimaliza kwa muvi ya mapenzi, tena ambayo mwisho wake haukuwa mzuri?

Kesho yake asubuhi alikuja fundi tunayemwita Daktari. Huyu bwana hajawahi kutengeneza kitu kimyakimya. Kwanza alichomoa waya wa intaneti, akatangaza kwamba mgonjwa lazima atengwe. Kisha akachomeka flashi yake ya kusafishia, akaiwasha kompyuta kupitia hiyo, akakunja mikono ya shati. Kiongozi wa kwaya naye alikuwa amerudi kujua hatima ya majoho yake, akasimama nyuma yetu na mkoba wake kifuani.

"Haya," Daktari akasema. "Hii ngao nyekundu nani kaiweka?"

Mimi na mama tukaisogelea skrini.

"Maana hii siyo antivirusi. Hiki ndicho kirusi chenyewe, kimevaa sare ya mlinzi. Unasoma mambo yako kwenye intaneti, kinakurukia: unaumwa, bofya hapa upone. Ukibofya tu umekwisha. Kinakufichia mafaili, halafu kinataka ulipie kuyaona."

"Si ni hizo muvi zake," mama alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Muvi haihusiki, mama. Hapa palikuwa na antivirusi nzuri tu, ya ngao ya kijani. Ikagombana na hii, si unajua fahali wawili hawakai zizi moja? Sasa kuna mtu kaamua ugomvi. Kamfukuza mlinzi, kamwacha mwizi. Na kompyuta haiondoi kitu kama hicho bila kuuliza kama una hakika. Mtu kasema ndiyo. Ni nani huyo?"

Kompyuta ile inaguswa na watu wawili tu, mama mkwe na mimi. Nilihisi ule mzigo wa tangu jana unanishuka mabegani. Nikamtazama. Alikuwa akiupapasa ufunguo kifuani.

"Ni mimi," nikasema.

Nilishalowa tayari, maji kidogo zaidi yangenizidishia nini? Lakini nisijifanye malaika. Nilisema kwa sauti tamu, nikimtazama yeye machoni, ili ajue kwamba najua.

Daktari hakunihurumia. "Dada, na ujana wako wote huo! Antivirusi haiji kukupigia hodi. Wewe ndiye unaifuata kwa wenyewe walioitengeneza, unauliza walioitumia, unachukua moja tu, na unaiacha ijisasishe kila siku. Umeona wapi daktari wa kweli anapita mlango kwa mlango akiwaambia watu wanaumwa?"

Kiongozi wa kwaya alitikisa kichwa kwa kunisikitikia. Mama mkwe akaacha nisemwe mpaka mwisho.

Michoro ilikuwa imefichwa tu, haikuharibiwa. Folda zilirudi moja moja, na nembo ya kwaya ilipotokea, kiongozi wao alipiga kigelegele kilichotikisa vioo. Daktari aliirudisha ngao ya kijani, akaondoka akijisifu hadi mlangoni. Kiongozi wa kwaya akamfuata nje, ambako wateja wa asubuhi, wengine wale wale wa jana, walikuwa wameanza kukusanyika.

Tukabaki wawili.

"Kwa nini umesema ni wewe?" mama aliuliza.

"Nimekusitiri, mama."

"Hujanisitiri. Umenivua, tena polepole."

Alikuwa amesema kweli.

"Niliona maandishi yanasema tunaumwa," alisema. "Nikajua ni muvi zako. Nikasema nitabofya nimalize mwenyewe, maana nikikuuliza utaniona nimezeeka. Ile antivirusi yako ilikuwa inabweka, nikaitoa. Baada ya hapo tu, folda zikawa tupu."

"Kwa hiyo jana, wakati unanichukulia ufunguo..."

"Nilikuwa najua."

Katika nyumba yetu mkubwa hamwombi radhi mdogo. Anakuongezea chakula kwenye sahani, nawe unaelewa, yanaisha. Nilingoja aniulize leo tunapika nini. Badala yake aliinuka akaenda kusimama mlangoni.

"Dada, hebu rudi kidogo," alimwita kiongozi wa kwaya. "Na nyinyi mliokuwepo jana, njooni. Jana nimemvunjia mke wa mwanangu heshima mbele yenu. Virusi niliweka mimi. Na hata leo amenibebea, nami nimemwacha asemwe."

Hakuna aliyesema "Eeh!" safari hii. Niliona mgongo wake tu, na mikono ikiivua ile kamba shingoni.

"Mwanangu," akasema, akinigeukia. "Ufunguo wako huu."

Lakini nilikuwa nimechutama tena chini ya meza, naokota nyuzi ambazo hazikuwepo, na nikashindwa kuinuka kuupokea.